Mikanda 14 ya marehemu baba: kutoka kwenye kamera hadi kwenye deki ya mama

*"Assalaam alaykum fundi. Niko Unguja. Marehemu baba yetu alipenda sana kurekodi, ameacha mikanda 14. Tisa ni midogo, imeandikwa MiniDV, ya kati ya 2001 na 2007. Mitano ni mikubwa kidogo, imeandikwa Hi8, ya miaka ya tisini: harusi ya dada, maulidi, Mwaka Kogwa kule Makunduchi. Maandishi ya juu yamefutika, sijui upi ni upi. Kamera yake ya MiniDV, Sony, bado inawaka. Ile ya Hi8 imekufa. Nilichomeka waya wa USB kwenye laptopu nikaona folda yenye picha mbili za mnato, video hamna. Kijana mmoja wa dukani akanihamishia mkanda mmoja mdogo akanipa DVD. Kwenye kompyuta inacheza, lakini deki ya mama inaikataa, na watu wakitembea wanatoka mistari kama meno ya kitana. Mwengine kaniambia ninunue kile kifaa cha bei ndogo chenye plagi tatu za rangi. Jirani naye anasema nisihangaike, mkanda ukipita miaka 20 umeshakufa. Na mikanda miwili ya Hi8, nikiangalia kwenye kidirisha, ina kama unga mweupe pembeni. Mama anataka kuiona harusi kabla ya Ramadhani. Nianzie wapi?"*

Waalaykum salaam, ndugu yangu, na Mungu amrehemu mzee wenu.

Anzia kwenye ile mikanda miwili yenye unga mweupe, kwa kutoifanya kitu. Usiiingize kwenye kamera yoyote, usiirudishe nyuma, usiipulize, usiianike juani. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na mingine, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, viwe vikavu. Huo si unga, ni ukungu. Nitaurudia baadaye, ila nimeutanguliza kwa sababu ndio jambo pekee katika barua yako linaloweza kuharibu na mikanda mingine 12.

Sasa jirani yako. Hajakosea sana, ila kamlaumu asiyehusika. Mkanda wa 1995 uliokaa kabatini pakavu, umesimama wima kama kitabu, mara nyingi bado unatoa picha nzuri. Mimi naicheza kila mwezi. Kinachokufa ni mashine ya kuuchezea. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Kamera za mikanda nazo hazitengenezwi tena, vichwa vyake vya kusomea utepe vinalika, mipira yake ya ndani inakauka, na mafundi wanaozijua tunazeeka. Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti ya Australia iliwahi kuutaja mwaka 2025 kuwa ukomo: mikanda ambayo haitakuwa imehamishwa kufikia hapo, mingi itapotea. Hoja yao kubwa ilikuwa hiyohiyo, kwamba deki, vipuri na ujuzi vitaisha. Kwa hiyo hangaika, tena hangaika sasa, na kamera ya baba usiiuze.

Halafu yako mambo matatu uliyoyaeleza kama matatizo tofauti: USB inayoonyesha picha mbili, DVD isiyochezwa na deki, na meno ya kitana. Yote yanatoka sehemu moja. Wewe na yule kijana wa dukani mmeuchukulia mkanda kama flashi, kitu chenye mafaili ndani yake yanayosubiri kuburutwa. Mkanda hauna faili hata moja.

Fikiria kilichomo. Utepe wa MiniDV una upana wa milimita 6.35 na ni mwembamba kuliko unywele wako mara nyingi tu. Ndani ya kamera unazungushwa kwenye silinda ndogo iliyolala kwa mshazari, na silinda hiyo ina vichwa vinavyozunguka mara 150 kila sekunde. Kila kichwa kikipita kinasoma mstari mmoja wa sumaku mwembamba mno: igawe milimita moja vipande elfu moja, upana wake ni vipande kumi tu. Kwa mfumo wetu wa runinga, unaoitwa PAL, mistari 12 ya namna hiyo ndiyo inatengeneza picha moja, na picha ziko 25 kwa sekunde. Ukiusimamisha utepe, hakuna video. Video ipo pale tu utepe unapotembea na silinda inapozunguka.

Ndiyo maana mkanda wa saa moja unachukua saa moja kuhamishwa, haijalishi kompyuta yako ni ya bei gani. Unauchezesha, na kompyuta inakaa upande wa pili ikipokea. Fundi akikuambia atakumalizia mkanda mzima kwa dakika kumi, chukua mikanda yako uondoke.

Sasa lile tundu la USB. Kwenye kamera nyingi za MiniDV za miaka ile liliwekwa kwa ajili ya picha za mnato zinazohifadhiwa kwenye kadi ya kumbukumbu, na hizo picha mbili ulizoziona bila shaka mzee alizipiga akijaribu. Baadhi ya kamera zinaweza kurusha video kupitia USB, lakini ni video ndogo, hafifu, ya kutumia kamera kama jicho la kuongelea kwenye kompyuta. Video yenyewe ina mlango wake. Tafuta tundu dogo lenye meno manne ndani, mara nyingi liko chini ya kijifuniko cha mpira. Kwenye Sony limeandikwa i.LINK, kwenye kamera nyingine DV. Ulimwengu unaliita FireWire.

Tofauti ya milango hii miwili si ya kasi tu. MiniDV ni dijitali tangu siku baba yako alipobonyeza kitufe chekundu: kamera ilikuwa imeshaigeuza picha kuwa tarakimu, megabiti 25 za picha kila sekunde, na tarakimu hizo ndizo zilizoandikwa kwenye utepe. FireWire inazitoa tarakimu zilezile na kuziweka kwenye kompyuta bila kuzigusa. Kichwa kikiwa safi na utepe ukiwa mzima, ulichonacho kwenye diski ndicho kilichokuwa kwenye mkanda.

Kile kifaa cha plagi tatu, ya njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti, kinafanya kinyume. Kamera inalazimika kuzigeuza tarakimu kuwa mawimbi ya umeme, mawimbi yanapita kwenye waya, halafu kifaa kinayageuza tena kuwa tarakimu, safari hii kwa chipu ya bei ndogo na kwa kuzikamua zaidi. Rangi zinamwagikana, sauti inaweza kuanza kuachana na midomo kadiri mkanda unavyoendelea. Sikichukii kifaa hicho. Kwa mkanda wa VHS uliobaki na deki ya zamani, kinaweza kuwa msaada pekee ulio nao. Kwa MiniDV yenye i.LINK inayofanya kazi ni kama kuchota maji ya bomba kwa kijiko.

Shida ni kompyuta. Laptopu za leo hazina FireWire. Na utaziona sokoni zile adapta ndogo, upande mmoja FireWire, upande mwingine USB, za bei ya chapati mbili tatu. Usinunue. Zinaunganisha nyaya tu. Lugha mbili hizo hazielewani, na hakuna kipande cha plastiki kitakachozitafsiri.

Njia ninayoipenda ni kompyuta ya mtumba. Kariakoo, na hata hapo kwenu, wanaouza kompyuta zilizotumika kutoka Ulaya huwa na mashine za zaidi ya miaka 12 ambazo hakuna anayezitaka. Tafuta laptopu ya zamani yenye tundu la meno manne lililoandikwa 1394 au i.LINK, au kompyuta ya mezani ambayo unaweza kuichomeka kadi ya FireWire, au Mac ya zamani: MacBook Pro ya 2012, ile nene yenye sehemu ya kuingiza CD, ina FireWire 800 mwilini, utahitaji waya tu wenye mdomo wake upande mmoja na meno manne upande wa pili. Kwa Windows, mashine yenye Windows 7 inatosha kabisa, usiiunganishe na intaneti, na programu ndogo ya bure inayoitwa WinDV inafanya kazi moja tu na kuifanya vizuri. Kwenye Mac za umri huo iMovie inapokea moja kwa moja.

Andaa nafasi. DV inakula takriban GB 13 kwa saa. Mikanda yako tisa, kama ni ya saa moja moja, ni karibu GB 117. Ukiongeza ile mitano ya Hi8 kwa njia nitakayokueleza, kila mmoja ukiwa wa dakika 90, jumla inafika kama GB 215. Diski ya nje ya GB 500 inakutosha na kubaki. Na hapa kuna mtego unaowaangusha wengi: flashi na baadhi ya diski huja zimefomatiwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haukubali faili moja kuzidi GB 4. Kwa DV hiyo ni kama dakika 20. Mtu ananipigia simu: "Fundi, kamera yangu inakatika kila dakika ya ishirini." Kamera haina kosa. Ifomati diski kwa NTFS, au exFAT kama utaitumia na Mac pia, kabla hujaweka kitu.

Wakati wa kuunganisha, zima vyote viwili, kamera na kompyuta, chomeka waya taratibu ukiangalia umbo la mdomo wake, ndipo uwashe. Tundu kubwa la FireWire upande wa kompyuta linabeba umeme, na mtu aliyelazimisha waya kinyumenyume ameshaunguza mlango wa kamera. Tumia chaji ya ukutani, usitegemee betri. Kama umeme wa kwenu unakatika-katika, laptopu ina afadhali kuliko kompyuta ya mezani, na kamera iachie betri ndani yake hata kama iko kwenye chaji.

Kabla ya mkanda wa kwanza fanya mambo manne. Kila mkanda una kijiswichi kidogo mgongoni. Kisukume upande wa SAVE ili usiweze kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Nimemwona mtu akifuta dakika tatu za siku ya kuzaliwa kwa mwanawe kwa sababu aliweka kamera upande wa CAMERA badala ya VCR, akabonyeza kilicho karibu. La pili, kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda barazani kwenye joto la Unguja, unyevu unaganda kwenye silinda usiouona kwa macho. Utepe unanata, unaliwa. Iache saa moja izoee, mlango wa mkanda ukiwa wazi. La tatu, usianze na mkanda wa thamani. Tafuta mkanda mtupu au wowote usio na maana, uucheze dakika kumi, uutoe, uangalie kama utepe una mikunjo pembeni. La nne, mkanda uliokaa miaka bila kuguswa upeleke mbele hadi mwisho kisha urudishe mwanzo, mara moja tu, ndipo uucheze. Unajiweka sawa kwenye magurudumu yake. Hili haliihusu kamwe ile miwili yenye ukungu.

Ukiona vimraba vimraba kwenye picha, usiogope bado. Rudisha nyuma, ucheze tena. Vimraba vikihama, mara huku mara kule, kichwa ni kichafu. Vikirudi palepale, sekunde ileile, utepe umeumia pale. Sony yako itakusaidia pia: ikionyesha C:21 ni unyevu, C:22 ni vichwa vichafu, na C:31 au C:32 ni kasoro ya mitambo. Kwa C:22 tumia mkanda wa kusafishia, ule mkavu, sekunde tano hadi kumi, basi. Usiurudishe na kuutumia tena palepale. Pamba za masikio ziache bafuni. Nyuzi zake hushika kwenye kichwa, na kichwa kikivunjika kamera hiyo imekwisha. Picha ikiwa inachafuka mkanda mzima kwa mpangilio mmoja, huenda mzee alirekodi kwa LP, yaani utepe ukitembea polepole, ili saa moja iwe saa moja na nusu. Mistari ya LP ni myembamba zaidi, na mara nyingi kamera iliyoiandika ndiyo peke yake inayoisoma vizuri. Sababu nyingine ya kutoiuza.

Tuje kwenye Hi8, mitatu iliyo salama. Hii si dijitali. Ni mawimbi, na kamera ya MiniDV haiwezi hata kuimeza, ukubwa wake ni mwingine. Kuifufua ile kamera ya Hi8 ya mzee kunawezekana, lakini nyingi za mwanzo wa miaka ya tisini zina vipuri vidogo vya umeme vilivyovuja majimaji kwenye bodi, na gharama ya fundi inaweza kuzidi ya kupata nyingine. Ningekushauri utafute kamera ya Digital8. Sony walianza kuitoa 1999, inatumia kaseti za umbo lilelile, na modeli zake nyingi zinacheza mikanda ya Hi8 ya zamani, zinaigeuza zenyewe kuwa DV na kuitoa kupitia i.LINK ileile. Kompyuta yako ya mtumba inafanya kazi zote mbili. Lakini si Digital8 zote zinacheza Hi8, kwa hiyo muuzaji aucheze mkanda mbele yako. Na iwe ya PAL. Ndugu akikuletea kamera kutoka Muscat hutapata shida, Oman ni PAL kama sisi. Akiileta kutoka Marekani au Canada ni NTSC, mfumo mwingine wa runinga, na mikanda ya baba yako haitasomeka humo ipasavyo.

(Kwa utani: nyinyi wa visiwani mlikuwa na runinga ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya sabini, sisi wa bara tukasubiri vituo vyetu hadi 1994. Ndiyo maana nyumba nyingi za Unguja zina mikanda mikongwe kuliko yetu, na hewa ya bahari imeila zaidi.)

Meno ya kitana sasa. Kamera hizi hazikupiga picha nzima 25 kwa sekunde. Zilipiga nusu 50: kwanza mistari ya shufwa, halafu, sehemu ya hamsini ya sekunde baadaye, mistari ya witiri. Runinga ya chogo ilionyesha nusu moja baada ya nyingine, jicho likaziunganisha, mwendo ukawa laini kama maji. Kioo cha kompyuta kinaonyesha nusu zote mbili kwa pamoja. Ukuta uliotulia hauna shida. Lakini bibi harusi anayetembea, kati ya nusu ya kwanza na ya pili ameshasogea, kwa hiyo mkono wake unakuwa na kingo mbili zilizosukana. Hilo ndilo kitana lako. Mkanda hauna kasoro.

Tiba yake inategemea unakopeleka. Kwa DVD ya deki na runinga, ziache nusu kama zilivyo, deki inazijua. Chunga jambo moja: DV huanza na mistari ya chini. Programu ikiambiwa inaanza na ya juu bila kupanga upya, watu watatembea wakitetemeka kama wana homa. Kwa simu na kompyuta, tengeneza faili la pili la MP4 kwa programu ya bure ya HandBrake, ukiiambia iziunganishe nusu kwa namna ya "bob", inayotoa picha 50 kwa sekunde. Wengi hutoa 25 na mwendo unakuwa wa kukatakata. Yule kijana inaelekea alibadili na ukubwa wa picha bila kuziunganisha nusu kwanza. Hapo meno huwa yamepakwa ndani ya picha na hayatoki tena. Usimlaumu sana, lakini mkanda ule urudie.

Na deki ya mama? Iweke DVD ile kwenye kompyuta ufungue folda. Ukikuta faili moja la MP4 au AVI, umepata jibu: amechoma diski ya mafaili. Deki ya DVD ya kawaida inataka folda iitwayo VIDEO_TS, yenye mafaili ya VOB na IFO, na video iliyopangwa kwa MPEG-2. Programu ya DVDStyler, nayo ya bure, inakutengenezea hiyo. Chagua PAL, na umbo la 4:3, usije ukawanenepesha watu. Diski ya GB 4.7 inabeba saa moja kwa ubora mzuri, saa mbili kwa kuvumilia. Mwenye kukuwekea saa nne kwenye diski moja amekuibia picha. Choma taratibu, kwa kasi ya 4x au 8x, uifunge diski (finalize) hadi mwisho, na uijaribu kwenye deki ya mama kabla hujachoma ya pili. Laptopu isiyo na sehemu ya diski hutumia kichomeo cha nje cha USB, na hapo USB haina tatizo lolote.

Nikuambie na ninachoamini: DVD ni ya mama, si ya hifadhi. Diski za kuchoma zina rangi ndani yake inayofifia kwa joto na jua, na nimepokea DVD za miaka kumi zisizosomeka zikiwa na mkanda wake kando, mzima. Hifadhi yako ni yale mafaili mazito ya DV. Weka nakala mbili kwenye diski mbili, moja nyumbani, nyingine kwa ndugu wa mbali na nyumba hiyo. Na mikanda usiitupe.

Ukungu. Kuvu hawa wanakula vilainishi na gundi ya utepe, na wanapenda unyevu wa pwani. Mkanda wenye ukungu ukichezwa, chembe zake zinajaza kichwa, kichwa kinakwaruza utepe, halafu mkanda unaofuata, uliokuwa safi, unakwaruzwa na kuambukizwa pia. Nimelifanya kosa hili mwenyewe, mwaka wangu wa tatu kazini, mteja amesimama mlangoni na haraka zake. Nikauingiza. Ukasimama kwenye dakika ya sita, na mkanda wa pili, wa mteja mwingine kabisa, ukatoka na mstari mrefu katikati. Nililipa, lakini kilichopotea hakikuwa cha kulipika.

Kwa hiyo hii miwili ni ya mkono wa fundi. Kazi ni kuukausha polepole mahali penye ubaridi na ukavu hadi ukungu ulale, kufungua kaseti, kuupitisha utepe wote kwenye kitambaa laini kwa kifaa ambacho hakitumiki kuchezea, kuuhamishia kwenye kaseti safi, ndipo uchezwe mara moja, ukirekodiwa. Barakoa inahitajika, vumbi lile si zuri kwa kifua. Vilevile mpelekee fundi mkanda uliokatika, mkanda uliokwama kamera ikiwa na C:31 au C:32 isiyoondoka ukizima na kuwasha, au mlango uliogoma. Usiuchokonoe kwa bisibisi.

Ukienda kwake, muulize: MiniDV anaitoa kwa waya gani? Akitaja FireWire au i.LINK, endelea. Utapewa mafaili ghafi, kama GB 13 kwa saa, au DVD peke yake? Mkanda wenye ukungu anausafisha vipi, na kwa mashine ipi? Asiyeuliza hata kuuona kabla ya kukutajia bei, mwache.

Kuhusu Ramadhani, ukishapata kompyuta mikanda tisa ya MiniDV ni jioni tisa. Mitatu ya Hi8 inategemea utapata lini Digital8. Lakini hujui harusi iko kwenye upi, na inawezekana iko kwenye mmoja wa ile miwili. Mwambie mama hivyo mapema, asihesabu siku.

Jambo la mwisho la MiniDV ambalo huenda utalipenda. Kila picha kwenye mkanda ule imeandikwa tarehe na saa yake, pembeni, pasipoonekana. Kwa plagi tatu za rangi taarifa hiyo inapotea. Kwa FireWire inakuja, na WinDV inaitumia kuyapa mafaili majina. Utajua siku na dakika ambayo mzee alikuwa amesimama pale, kama aliiweka saa ya kamera. Kama hakuiweka, utaona mwaka usioingia akilini. Hapo chukua daftari, kaa na mama mbele ya runinga, muwe mnasimamisha na kuandika: nani huyu, nyumba ya nani, mwaka gani. Hi8 nyingi hazina tarehe hizo, kwa hiyo kwa mikanda ile mitano huenda daftari la mama likawa ndilo pekee. Ikikutokea namba yoyote kwenye kioo cha kamera ambayo sikuitaja, niandikie namba yenyewe, na uniambie kama mkanda bado umo ndani.